Yaacheni Makabati Matupu

Lawama huanza hivi. Mtu katoka kwake asubuhi, kapanda matatu hadi Museum Hill, kalipa kiingilio, kaingia ukumbini, na alichokikuta ni makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Taa zinawaka, vioo vinang'aa, kitu hakipo. Msimulizi hapo hunyamaza kidogo ili wasikilizaji wacheke, kisha hutoa hukumu: hawa wanaojiita wasanii wa kisasa wametuchezea shere, na Makavazi yetu yamewapa ukumbi wa kutuchezea.

Maonyesho yanayosemwa ni yale ya Invisible Inventories, yaliyofunguliwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi mwezi Machi 2021. Yalitokana na mradi ulioanza mwaka 2018, uliowaketisha meza moja watafiti wa Makavazi, kundi la wasanii wa Nairobi liitwalo The Nest Collective, kundi jingine la wasanii na watafiti liitwalo SHIFT, Goethe-Institut, na makumbusho mawili ya Ujerumani: Rautenstrauch-Joest ya Köln na Weltkulturen ya Frankfurt. Kazi yao ilikuwa kuhesabu. Walitaka kujua ni vitu gani vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, viko wapi, na vilifikaje huko. Wakafikisha vitu zaidi ya 32,000 vilivyosambaa katika taasisi 30 hivi. Kutokana na hesabu hiyo wasanii wakatengeneza kazi zao, na maonyesho yakapangiwa vituo vitatu, Nairobi kwanza, halafu Köln, halafu Frankfurt.

Waliobahatika kuyaona Nairobi hawakuwa wengi. Siku chache baada ya kufunguliwa, Rais Uhuru Kenyatta alifunga mipaka ya Nairobi na kaunti nne nyingine kwa sababu ya korona, na mtu wa Kilifi au Kisumu hakuwa na njia ya kufika. Hilo halikuizuia hukumu kusafiri. Nimeisikia kwa walimu, kwa waandishi wenzangu, kwa watu ambao katika mambo mengine ninawasikiliza kwa makini. Wanasema mambo matatu: kabati tupu ni dharau kwa mwananchi, wasanii hawana biashara katika suala la turathi, na shughuli nzima ililipiwa na Wajerumani ili wapate kuonekana wema bila kurudisha hata kijiko. Nayapinga yote matatu, ingawa la tatu nitalipinga kwa adabu zaidi, kwa kuwa lina chembe ya haki ndani yake.

Tuanze na la kwanza, yaani dai kwamba makumbusho ni mahali pa vitu halisi, na kwamba asiye na kitu cha kuonyesha asifungue mlango. Husemwa kwa sauti ya mtu asiyetarajia kupingwa. Basi na aende uani, pale pale Makavazi. Atamkuta Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mpaka alipokufa mwaka 1974. Ahmed huyo wa uani ni sanamu ya plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Watoto wa shule hupigwa picha mbele yake mwaka nenda mwaka rudi, na sijasikia mzazi hata mmoja akidai arudishiwe kiingilio kwa kuwa ndovu si wa nyama. Tunakubali sanamu isimame badala ya mnyama aliyekufa. Kwa nini tukatae nafasi wazi isimame badala ya kitu kilichochukuliwa? Sanamu ya Ahmed inatuambia alikuwa mkubwa kiasi gani. Kabati tupu linatuambia tumepungukiwa na nini. Yote mawili ni taarifa, na hiyo ya pili ndiyo tuliyokuwa tumeikosa.

Na huko vilikokwenda vitu, je, vinaonekana? British Museum ina vitu takriban milioni 8. Vinavyowekwa mbele ya watu kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia 1. Vilivyobaki viko ghalani, ndani ya masanduku na droo. Kwa hiyo Mkenya anayelalamika kwamba Nairobi ameonyeshwa hewa, akilipa nauli ya ndege mpaka London, kwa sehemu kubwa ya vitu hivyo atarudi amekiona kile kile alichokiona Museum Hill. Tofauti ni kwamba London haikumwekea kabati la kumjulisha kuwa kuna kitu asichokiona.

Sasa nifike kwenye ngadji, kwa sababu hapa ndipo hoja ya wenzangu inapovunjika kabisa, na ningependa ivunjike polepole.

Ngadji ni ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Ndiyo iliyobeba mamlaka yao. Ilipolia, ilisikika mbali na kila mtu alijua kuna jambo, lakini kuiona kulikuwa kwa wachache waliopitishwa. Wengine wote waliishi na kufa wakiifahamu kwa masikio tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza ikaichukua, na mwaka 1908 ikaingia katika mali za British Museum. Kwa zaidi ya miaka mia moja imekaa huko, ghalani, bila kuonyeshwa wala kulia.

Tuseme mkosoaji wetu amepata anachokitaka. Ngadji imerudi kesho kwa ndege, ikapokewa kwa matarumbeta na waziri, ikapelekwa Museum Hill na kuwekwa ndani ya kabati lile lile lililokuwa tupu. Taa imemulikwa juu yake. Wanafunzi wa darasa la sita wamejipanga mbele, mwalimu anawaambia wasiguse kioo, mtalii anapiga picha. Mkosoaji ameridhika: hatimaye makumbusho yana kitu. Lakini kwa desturi iliyoizaa ngoma hiyo, kumetendeka kosa la pili. La kwanza lilikuwa kuiondoa. La pili ni kuianika mbele ya macho ambayo haikuumbwa kwa ajili yao. Kama kuna njia ya kumweleza umma habari za ngadji bila kuivunjia heshima, kabati tupu linaikaribia kuliko kabati lililojaa.

Ndivyo ilivyo kwa vigango vya Wamijikenda. Kigango huchongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha wazee kiitwacho Gohu, na kikishasimama hakiondolewi. Familia ikihama, kigango hubaki. Mvua na mchwa vikikila, hiyo ni sehemu ya maisha yake. Tangu miaka ya 1970 vijana walivikata usiku na kuviuza kwa wafanyabiashara wa vinyago, navyo vikaishia majumbani mwa matajiri wa Marekani na baadaye katika makumbusho ya huko, mamia kwa idadi. Makumbusho hayo yakavipulizia dawa ya wadudu na kuviwekea vidhibiti vya unyevu ili visioze. Waliovitunza hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanaokoa kitu kilichokusudiwa kuoza. Je, tukivirudisha tuvitie katika vioo vyetu wenyewe, kwa vidhibiti vya unyevu vya kwetu, tutakuwa tumekosoa nini?

Wakosoaji hupenda kusema kwamba kabati tupu ni mbinu ya Kizungu iliyoletwa na wasanii waliosoma sana. Nawaomba watazame hilo kabati lenyewe. Mazoea ya kuchukua kitu cha mtu, kukifungia katika kioo, kukiandikia kikaratasi na kumwita kila apitaye aje akitazame kwa ada tuliletewa na ukoloni. Jengo la Makavazi lilifunguliwa mwaka 1930 likiitwa Coryndon, kwa jina la gavana. Anayesimama humo akidai haki yake ya kuona kila kitu cha kila kabila, kwa sababu tu amelipa kiingilio, anadai haki ambayo wenye vitu hawakumpa kamwe. Alirithishwa na makumbusho ya Ulaya. Wasanii wa The Nest na SHIFT walilichukua kabati hilo la kikoloni wakalinyima chakula. Sioni Uzungu hapo.

La pili nitalipita haraka zaidi: wasanii wana nini na turathi, wasiwaachie wanahistoria na wanasheria? Jibu langu linahitaji kwanza nieleze thamani ya ile orodha ya vitu vilivyohesabiwa.

Kuna usemi unaorudiwa katika kila kongamano, kwamba asilimia 90 ya turathi za Afrika ziko nje ya Afrika. Ulipata nguvu mpya mwaka 2018, katika ripoti ambayo Felwine Sarr na Bénédicte Savoy waliiandikia serikali ya Ufaransa. Mimi pia nimewahi kuutumia jukwaani, na makofi yalipigwa. Lakini asilimia 90 ya nini? Ni ya vinyago, au pamoja na shanga, mikuki, vibuyu, mafuvu, picha? Asilimia huamsha hasira, lakini haidaiwi. Hakuna mkurugenzi wa makumbusho atakayefungua ghala kwa sababu umemwandikia asilimia. Atakuuliza: kitu gani, namba gani, kiliingia mwaka gani, kutoka kwa nani? Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi kwa miaka sitini ya uhuru tulikuwa tukiidai mali ambayo hatukuwa na daftari lake. Waliokuwa nalo ni waliochukua.

Nguvu ya daftari imekwisha kuonekana hapa kwetu. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya nduguze. Baada ya muda mfupi vigango vikaibwa, na mzee akamwomba mtafiti amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika huko Marekani, Udvardy alikiona kimoja kwenye picha zilizokuwa zikionyeshwa na mwenzake, Linda Giles: kilikuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Cha pili kikagunduliwa katika makumbusho ya Hampton, Virginia. Vyote viwili vikarudi Kenya. Hapakuwa na jeshi wala azimio la Umoja wa Mataifa. Palikuwa na picha moja yenye tarehe na jina la mahali, ambayo hakuna mwanasheria wa makumbusho aliyeweza kuikana. Baada ya hapo milango ilianza kulegea, na makumbusho ya Denver yakaamua kurudisha vigango vyake 30.

Haya, kwa nini basi orodha isibaki kwa wanasheria? Kwa sababu orodha ya mistari 32,000 haisomwi na mtu. Hufungwa ndani ya kompyuta, ikanukuliwa katika ripoti, ripoti ikazinduliwa hotelini, na baada ya chai kila mtu akaenda zake. Hesabu kubwa hivyo haiingii moyoni mpaka ipate mwili. Msanii kazi yake ni hiyo. Anaigeuza namba kuwa chumba ambacho lazima ukipite kwa miguu yako, kabati baada ya kabati, mpaka uanze kuona haya kwa kutafuta kitu ambacho hutakikuta. Wanaosema wamechezewa shere wanakumbuka makabati yale mpaka leo, wanayasimulia, wanayagombania. Nitajieni ripoti moja ya serikali kuhusu turathi ambayo mnaisimulia hivyo.

Wabenini wenzetu hawakuona tatizo hilo la wasanii kuingilia. Ufaransa iliporudisha vitu 26 vya ufalme wa Dahomey mwezi Novemba 2021, vikaonyeshwa Cotonou, katika ikulu, kuanzia Februari 2022, na pembeni yake zikawekwa kazi za wasanii wa Benin wa leo. Wananchi walijipanga foleni kuona vyote. Hakuna aliyesema viti vya enzi vya wafalme vimechafuliwa na kazi za vijana. Kitu kilichorudi kinahitaji watu walio hai wa kukizungumza, la sivyo kinabaki mateka kama zamani, kwa anwani mpya tu.

Sasa la tatu, pesa. Ni kweli kwamba mradi uliwezeshwa na fedha za Ujerumani. Ni kweli pia kwamba maonyesho yalipofungwa makabati yalikuwa bado matupu. Mwenye kusema Wajerumani walinunua sifa kwa bei nafuu hasemi upuuzi. Nchi iliyomwaga damu Songea na Kilwa wakati wa Vita vya Maji Maji, na iliyoondoka na tani kama 250 za mifupa ya dinosaria kutoka Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, ikiibeba kwa mabega ya wapagazi mpaka bandari ya Lindi, haitakiwi kusifiwa kwa kugharamia vioo. Mmoja wa dinosaria hao angali Berlin, amesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 13, anakata tiketi.

Lakini mbadala wake ni upi? Dawa ya deni ni kulipa, na hatua ya kwanza ya kulipa ni kuhesabu. Mimi sioni aibu mdaiwa akitoa mafuta ya taa ambayo mdai anatumia kusoma hati ya deni. Aibu ingekuwa kama hesabu yenyewe angeifanya yeye peke yake, kwa lugha yake, akatuletea jumla. Haikuwa hivyo, watafiti wa Makavazi walikuwamo. Na tazama Nigeria. Orodha iitwayo Digital Benin, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2022, ilianza na vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa kale wa Benin, ule wa Nigeria, vilivyo katika taasisi 131 duniani. Nayo ililipiwa na wakfu wa Kijerumani. Mwezi Desemba mwaka huo huo Ujerumani ilikabidhi shaba 20 za Benin mjini Abuja, na jiji la Köln likakubali kuihamishia Nigeria umiliki wa shaba 92 zilizokuwa katika makumbusho yale yale ya Rautenstrauch-Joest. Sidai kwamba orodha ndiyo iliyozileta. Wanigeria walidai kwa miongo mingi na kwa sauti kubwa. Nadai tu kwamba walipoketi mezani, hakuna aliyeweza kuwauliza, "Mnazungumzia vitu gani?"

Kuna jingine ambalo wakosoaji wa Nairobi hawalitaji, pengine kwa sababu hawakufuatilia safari yote. Maonyesho haya yalikwenda Köln na Frankfurt. Nairobi, kabati tupu linamwuliza mwananchi kama anajua alichopoteza. Kule linawauliza wenye nyumba walichonacho, na walioulizwa wana funguo za ghala mfukoni. Sijui maonyesho mangapi ya Kiafrika yamewahi kwenda Ulaya na kumsimamisha mwenyeji kizimbani badala ya kumtumbuiza. Tumezoea kupeleka ngoma, vinyago na picha za Tingatinga zenye twiga, tukapigiwa makofi, tukarudi. Safari hii wasanii wa Nairobi walipeleka swali kuhusu stoo ya mwenyeji, na wakalipwa na mwenyeji kuliuliza. Kama huo ni utumwa, ni utumwa wa ajabu.

Na tukiwa katika kulaumu, tusiishie Ulaya. Shehena ya vigango iliyorudishwa kutoka Marekani iliwahi kukwama forodhani katika uwanja wa ndege wa Nairobi kwa sababu ilidaiwa ushuru, kana kwamba mababu wa Kigiriama ni bidhaa za kuuza Biashara Street. Hilo halikuwa kosa la msanii wala la Mjerumani. Wanaopaza sauti juu ya makabati matupu wangeipaza nusu tu juu ya meza ile ya forodha, leo tungekuwa na sheria inayosema turathi inayorudi nyumbani hailipi kodi ya kuingia kwao.

Maonyesho yenyewe nayalaumu kwa jambo moja, na si dogo. Nairobi, Köln, Frankfurt: katika vituo vyote vitatu hapana Garsen, hapana Hola, hapana Kaloleni, hapana Kapsabet. Watu ambao vitu vyao vimeandikwa katika orodha ile ndio walioachwa mbali zaidi na orodha ile. Mzee wa Kipokomo aliyesikia habari za ngadji kwa babu yake ana mengi ya kuwaambia wasanii na watafiti kuliko mkazi wa Nairobi aliyekuja kutoroka mvua. Yeye ndiye wa kusema kipi kirudi na kipewe nani, kipi kionyeshwe, kipi kifichwe tena, na kipi kiachwe chini ya mti kioze kama ilivyokusudiwa. Orodha isomwe mbele ya watu hao, kwa Kipokomo, kwa Kigiriama, kwa Kinandi, jina kwa jina, na majibu yao yaandikwe kando ya kila mstari.

Makavazi yana ofisi na matawi pwani na magharibi, kwa hiyo mahali pa kuanzia papo. Na maonyesho haya ni mepesi kuliko yote kuyasafirisha. Hayahitaji bima, kwa kuwa ndani hamna cha kuvunjika. Hayahitaji chumba chenye kiyoyozi, wala barua ya ruhusa kutoka London. Panahitajika lori moja, na dereva anayejua ni miezi gani Mto Tana haufuriki barabara ya Garsen.